Ruiru, Kitengela au Syokimau: familia inayotoka Nairobi ihamie wapi?

Jirani yangu wa zamani wa mtaa wa Umoja, Nairobi, alinipigia simu jioni moja, sufuria zikisikika nyuma yake. Nyumba imekuwa ndogo, watoto wamefika watatu, na mwenye nyumba ameongeza kodi tena. "Mama Njoki, wewe ulienda Kitengela, dada yako akaenda Ruiru. Sasa baba watoto anataka Syokimau kwa sababu ya treni. Niambie vile ungemwambia dada yako." Nilimwomba siku mbili. Niliyomjibu ndiyo haya. Nimeyapanga upya na kuongeza hesabu, maana najua kuna mwingine anauliza hivyo hivyo leo usiku.

Tena si wachache. Kati ya sensa ya 2009 na ile ya 2019, Nairobi iliongeza watu kama milioni 1.26. Kaunti za Kiambu iliko Ruiru, Kajiado iliko Kitengela na Machakos iliko Syokimau, kwa pamoja ziliongeza takriban milioni 1.55. Kajiado ndiyo iliyokimbia zaidi, kutoka watu 687,312 hadi 1,117,840, ongezeko la zaidi ya asilimia 60 kwa miaka kumi. Kiambu ilikua kwa karibu nusu, Machakos kwa chini kidogo ya theluthi. Si wote waliotoka Nairobi. Wapo waliozaliwa huko na wapo waliotoka mbali. Lakini simama kwenye steji ya Kitengela saa kumi na moja alfajiri, utaona wanaelekea wapi kutafuta unga.

Mshahara unahama, wateja hawahami

Kabla hujauliza kodi ya nyumba ni pesa ngapi, kaeni chini mhesabu mapato yenu yanatoka wapi. Familia nyingi za Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi kama Umoja, zina mapato ya aina mbili. Kuna mshahara, ambao unaingia benki au kwenye simu mwisho wa mwezi hata ukilala wapi. Na kuna pesa ya mtaa: cherehani, saluni, mitumba, mandazi ya asubuhi, kibanda cha mboga. Pesa hii inaishi kwa watu wanaokujua kwa sura. Ukihama, unawaacha pale pale.

Hili sikulijua. Umoja nilikuwa nashona nguo, na kila Desemba na Januari sare za shule zilikuwa zinanilipia karo ya muhula mzima. Tulipohamia Kitengela tulipiga hesabu ya mshahara wa mume wangu, kodi mpya na nauli, tukaona tunaokoa. Cherehani yangu hatukuihesabu, tuliona ni kitu cha kubeba kwenye lori pamoja na vitanda. Mteja mmoja niliyemshonea miaka minane alinipigia simu wiki ya pili. "Mama Njoki, sketi ikinibana nitakuletea na nini?" Sikuwa na jibu. Daftari langu lilikuwa na majina ya Umoja kurasa nne, ya Kitengela matatu. Ilinichukua mwaka na nusu kurudi pale nilipokuwa, na mwaka huo na nusu ulikula akiba yote tuliyodhani tumeipata kwenye kodi ya nyumba.

Dada yangu anauza mitumba. Bado anaamka kwenda soko la Gikomba kule Nairobi kufungua mtumba, kisha anarudi kuuza Ruiru, na hakukaa hata mwezi bila wateja. Tofauti yetu si bidii. Sensa ya 2019 iliikuta Ruiru na watu karibu 490,000, Kitengela na 154,000 hivi. Ruiru watu wamepangana kwenye magorofa, mpangaji akishuka ngazi anakutana na meza yako. Kitengela nyumba zimetawanyika kwenye ploti za futi hamsini kwa mia, na kati ya jirani na jirani kuna ua, mbwa na vumbi. Biashara ya watu wanaopita kwa miguu inataka msongamano. Kwa hiyo ikiwa nusu ya chakula chenu inatoka kwenye kibanda, Ruiru, Juja au Githurai inakufaa kuliko Kajiado, ingawa ushindani wa huko ni mkali na kila ngazi ina mama mboga wake.

Kitengela inalipa biashara ya aina nyingine, na hili nililiona nikiwa nimechelewa. Watu wanajenga kila siku. Fundi wa mawe, wa mabomba, wa mageti, wa madirisha, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na mwenye gari la maji hawakosi kazi. Mimi nilipoacha kungoja sketi nikaanza kushona mapazia ndipo daftari lilipojaa, kwa sababu kila nyumba mpya ina madirisha sita na hakuna hata moja lenye pazia. Ukienda Kajiado, nenda na ujuzi ambao nyumba mpya inauhitaji.

Kwa anayetafuta kibarua, kuna jambo la kisheria ambalo watu wengi hawalijui. Kima cha chini cha mshahara Kenya hakilingani kila mahali. Kwa amri ya mishahara ya Novemba 2024, mfanyakazi wa kawaida ndani ya jiji la Nairobi hapaswi kulipwa chini ya shilingi 16,113 kwa mwezi. Kwenye manispaa za zamani, na humo zimetajwa Ruiru na Mavoko, yaani upande wa Machakos wenye Athi River, Mlolongo na Syokimau, ni kama 14,866. Maeneo mengine yote ni karibu 8,600, na Kitengela haikuwa manispaa zamani zile. Waajiri wengi hawaifuati karatasi hiyo, wapo wanaolipa zaidi na wapo wanaolipa chini. Lakini siku ya mzozo karatasi ndiyo inayosomwa, na kwa upande wa Mavoko inasema zaidi ya mara moja na nusu ya upande wa Kitengela.

Mavoko pia ina viwanda, na hapo Machakos inazishinda mbili zile. Athi River ina viwanda vya saruji, ina eneo la viwanda vya kuuza nje ambako maelfu, wengi wao wanawake, wanashona nguo za kwenda ng'ambo. Kama mmoja wenu anaweza kuajiriwa huko na mwingine anaenda mjini, mnakaa katikati ya kazi zenu mbili. Kiambu nayo ina Thika na viwanda vyake, na vyuo vikuu kando ya barabara, Kenyatta kule Kahawa na Jomo Kenyatta kule Juja, ambavyo vinawalisha wapika chapati na wenye vyumba vya kupangisha.

Maji

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maji ndiyo yaliyonitoa machozi.

Piga hesabu hivi. Familia ya watu watano inayofua, kuoga na kupika bila kubana sana inamaliza mitungi 15 ya lita 20 kwa siku. Hizo ni lita 300, na kwa mwezi lita 9,000. Mkinunua mtungi kwa shilingi 10 mnatoa 4,500 kwa mwezi. Kiangazi kikikaza mtungi ukapanda hadi 20, ni 9,000. Maji hayo hayo yakitoka kwenye bomba la kampuni ya maji, bili inakuwa sehemu ndogo tu ya pesa hizo. Nyumba mbili zenye kodi sawa, moja na bomba linalotoka na nyingine na tangi linalojazwa na gari, hazina bei sawa hata kidogo.

Ruiru ina nafuu. Bwawa la Karimenu II kule Gatundu Kaskazini lilifunguliwa 2022, likiwa na uwezo wa kutoa lita milioni 70 kwa siku, na maji yake yanafika Ruiru na Juja. Mgao bado upo, na dada yangu anajua siku zake za kujaza mapipa, lakini mwezi wake wa maji ni hesabu ndogo. Kitengela na sehemu kubwa ya Syokimau, Mlolongo na Athi River tunategemea zaidi visima virefu na magari ya maji.

Na maji ya visima virefu vya Kajiado yana jambo ambalo wakala wa nyumba hatakutajia: madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya ukanda huu vinapita hapo. Utayaona kwa watoto. Binti yangu mdogo alipobadilisha meno ya mbele, meno mapya yalitoka na mistari ya rangi ya chai. Nilimsugua kwa mswaki hadi fizi zikamuuma, nikidhani ni uchafu. Daktari wa meno ndiye aliyenieleza kwamba rangi hiyo iliingia jino likiwa bado linaumbika ndani ya ufizi, na kwamba kuchemsha maji hakusaidii, kwa kuwa maji yanapungua na floraidi inabaki. Sasa ya kunywa na kupikia tunakinga ya mvua au tunanunua yaliyosafishwa kwa mashine. Kama una mtoto chini ya miaka minane, kabla ya kulipa depoziti chota chupa ya maji ya kisima cha ploti hiyo ukaipeleke maabara ipimwe. Mwenye nyumba akikataa, tafuta nyumba nyingine.

Barabara

Umbali kwa kilomita haukusaidii. Hesabu saa, na uhesabu siku ya mvua.

Barabara ya Thika ilikamilika 2012 ikiwa na njia nyingi, kwa hiyo Ruiru iko karibu kuliko ramani inavyoonyesha, ukishavuka Githurai na Roysambu. Rongai, ambayo ni Kajiado pia, iko karibu na jiji kuliko zote kwa macho, lakini barabara ya Magadi ni nyembamba, na shemeji yangu aliyewahi kukaa huko alikuwa akifika nyumbani watoto wamelala siku tano kwa juma. Kitengela unatoka kwa barabara ya Namanga, unaingia ya Mombasa pale Athi River, kisha unaungana na kila mtu.

Syokimau ina treni. Stesheni yake ilifunguliwa 2012, na kwa mfanyakazi anayeingia mjini asubuhi na kutoka jioni ni msaada wa kweli, hasa mvua inaponyesha na nauli ya matatu inapopanda bila kutangazwa. Ila treni inafuata saa za ofisi. Anayetoka kazini saa nne usiku hana habari nayo. Ruiru nayo ina reli inayoingia mjini.

Halafu kuna barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022. Wanaouza nyumba za Syokimau wanaitaja kabla ya kutaja choo. Tangu Januari 2024 gari dogo linalipa 500 kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwenda na kurudi ni 1,000, na kwa siku 22 za kazi ni 22,000 kwa mwezi, kabla ya mafuta. Familia inayohama ili kupunguza gharama isiihesabu barabara hiyo katika mipango yake ya kila siku.

Na nauli, kumbukeni, ni ya kila anayeingia mjini. Ikiwa ni 120 kwenda na 120 kurudi, mtu mmoja anayefanya kazi siku 24 anatoa 5,760. Wawili wanatoa 11,520. Nyumba ya elfu kumi na nne Kitengela, ukiongeza nauli ya wawili na maji ya gari, imeshafika au kupita ile ya elfu ishirini na tano mliyoikimbia Umoja. Lakini kama ni mmoja tu anayeingia mjini na mwingine kazi yake iko hapo hapo, hesabu inageuka na Kitengela inaanza kuwa nafuu ya kweli.

Kununua kiwanja

Wengi wanahama wakipangisha huku macho yako kwenye ploti. Kwa bei, Kajiado na Machakos zinakuacha upumue, na Ruiru imepanda sana tangu mashamba ya kahawa yaanze kugeuzwa miji. Tatu City peke yake imekaa kwenye ekari 5,000 zilizokuwa kahawa.

Lakini bei ya kiwanja si bei ya msingi. Kitengela, Athi River na Syokimau zina udongo mweusi, ule unaovimba ukinyesha na kupasuka kiangazi hadi mguu wa mtoto unaingia kwenye ufa. Huwezi kuujengea juu. Unachimba futi kadhaa hadi kufika pagumu, unalipia lori la kuuondoa, unalipia lori lingine la kuleta mawe ya kujazia. Jirani yetu alimaliza pesa aliyoiwekea kuta kabla msingi haujaonekana juu ya ardhi. Sehemu kubwa ya Ruiru ina udongo mwekundu na mwamba wa karibu, ingawa ukifika Juja unaweza kuukuta mweusi tena. Nenda na fundi, si na wakala peke yake, na mchimbe shimo.

Kuhusu hati, kila kaunti ina mtego wake. Kiambu ni vyeti vya hisa vya kampuni za kununua mashamba, ambavyo vinauzwa kana kwamba ni hati ya kumiliki. Kajiado ni ardhi iliyokuwa ranchi za vikundi vya Wamaasai. Kwa shamba la kilimo, mauzo bila idhini ya bodi ya ardhi hayana nguvu, na familia nzima ya muuzaji lazima ijue. Machakos ni ardhi ya umma na ya mashirika. Syokimau nyumba zilibomolewa Novemba 2011 kwa hoja kwamba ardhi ni ya uwanja wa ndege, na Oktoba 2023 watu walibomolewa tena Mavoko kwenye ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Wengi wao walikuwa na makaratasi mkononi. Walikuwa wamelipa kwa miaka, kidogo kidogo, kama wewe na mimi. Tafuta rekodi kwenye masijala ya ardhi mwenyewe, usiletewe nakala.

Nitasema na hili, ingawa halimo kwenye hesabu ya kodi. Uwanda wa Kitengela ulikuwa njia ya nyumbu na pundamilia wakitoka mbuga ya Nairobi kwenda malishoni mvua zikianza. Nyua zetu zimeikata. Mwaka 2012 simba sita waliuawa huku baada ya kuingia kwenye zizi, na wenyeji wenye ng'ombe wanabanwa kila ploti inapowekwa waya. Wapo wenye ardhi waliokataa kuuza na wakaacha sehemu zao wazi kwa mifugo na wanyamapori. Kama unaweza kuchagua, nunua ndani ya mji, upande ambao tayari umejengwa. Njia iliyobaki tuiache.

Kodi yako inakwenda wapi

Watu huuliza kama kuhama kaunti kunapunguza makato. Hapana. Kodi ya mshahara, ada ya bima ya afya ya jamii ya asilimia 2.75 na ya nyumba ya asilimia 1.5 ni za kitaifa, zinakatwa sawa ukikaa Umoja au Isinya. Unachohamisha ni kodi ya ardhi, leseni ya biashara na ada ya soko, ambazo kila kaunti inajipangia. Ulizia leseni ya aina ya biashara yako kabla ya kukodi chumba cha duka.

Lakini huduma unazozitegemea zaidi, zahanati, maji, barabara za mtaa na chekechea, ni kazi ya kaunti tangu 2013. Mgao wa kaunti kutoka serikali kuu unazingatia idadi ya watu, na idadi inayotumika ni ya sensa. Aliyehama baada ya 2019 bado amehesabiwa alikotoka. Foleni unayoiona hospitali ya Kitengela ina watu ambao pesa zao za mgao ziko Nairobi. Ndiyo maana nilihamisha kura yangu mwaka wa kwanza. Mwakilishi wa wadi ambaye hakuhitaji kura yako hana haraka na barabara yako.

Nilichomwambia

Jirani yangu anauza chapati na maharagwe, na hiyo ndiyo inayolipa kodi ya nyumba, si mshahara wa mumewe. Nilimwambia aende Ruiru, akodi nyumba ya ghorofa ya chini yenye bomba linalotoka, hata kama kodi inazidi ya Kitengela kwa elfu tatu. Angekuwa na mume fundi wa kuchomelea na yeye mwenyewe hauzi kitu, ningemwita huku kwangu kesho yake. Na kama wote wawili wangekuwa na mishahara ya ofisi saa mbili hadi saa kumi na moja, wanapangisha tu, hawanunui, ningesema Syokimau, umbali wa kutembea hadi stesheni, basi.

Baba watoto hakukubali mara moja. Nikawaambia waende wote wawili, mwezi wa Aprili, walale Ruiru kwa dada yangu usiku wa Jumapili, na Jumatatu mume apande matatu saa kumi na moja unusu kama anayekwenda kazini, mkewe abaki nyuma asimame karibu na lango la ploti wanayoitaka tangu saa kumi na mbili hadi saa tatu, ahesabu watu wanaopita bila kifungua kinywa mkononi. Alihesabu 112 kabla ya saa mbili, akaacha kuhesabu.

Sasa anaamka saa tisa kukanda unga.